Kamba Nyekundu Kwenye Gunia la Dagaa

Ujumbe uliingia saa mbili na robo usiku, nikiwa nakaanga migebuka jikoni kwangu Mwanga, mjini Kigoma. Maneno mawili tu: "Dada, upo?"

Aliyeandika alikuwa mkurugenzi wa asasi moja ya Morogoro inayofanya kazi na wakulima wa mbogamboga. Tulikuwa na mkataba wa miezi sita: niwapangie upya mfumo wa hesabu, nisafishe leja, yaani vitabu vya hesabu, za miaka miwili, niwaandae kwa mkaguzi. Tangu tuongee mara ya mwisho zilikuwa zimepita siku tisa, na siku zote hizo tisa nilikuwa kazini. Vocha zao, yaani hati za malipo, zilikuwa zimenijazia kompyuta, picha moja moja zilizopigwa kwa simu, nyingine zimepinda, nyingine kidole cha mpigaji kimefunika kiasi cha fedha. Nilikuwa nikilala saa saba, saa nane za usiku. Sikuwa nimewahi kumfanyia mteja kazi kubwa kama ya wiki ile.

Upande wake, alikuwa ametoa asilimia 30 ya malipo kwa mtu anayeishi mwisho wa reli, mtu ambaye hajawahi kumtia machoni, na mtu huyo kanyamaza siku tisa.

Nilinawa mikono nikampigia. Alinisalimia vizuri, akauliza watoto, akauliza mvua za Kigoma. Akasema hana wasiwasi, alitaka tu kujua hali. Akarudia kuwa hana wasiwasi, mara ya pili, mara ya tatu, na kila alivyorudia ndivyo nilivyozidi kuusikia huo wasiwasi. Nilipokata simu samaki walikuwa wameungua upande mmoja. Usiku ule niliandika kwenye daftari langu jambo ambalo bado nalifanyia kazi: mteja aliye mbali haioni kazi, anaona ukimya, na ukimya anauhesabu siku kwa siku.

Hiyo ilikuwa 2021, mwaka wangu wa kwanza wa kujitegemea. Kabla ya hapo nilikuwa mhasibu wa mradi uliohudumia wakimbizi upande wa Kasulu. Mradi ulipofungwa, wenzangu wengi walihamia Dodoma na Dar es Salaam. Mimi nina mama mzee Ujiji na watoto wawili shuleni, nikabaki. Leo wateja wangu wako Morogoro, Nairobi na London, na mimi niko palepale Mwanga, na meza yangu inatazama mwembe wa jirani. Hesabu nilizisomea. Namna ya kukaa na mteja nisiyemwona sikuisomea popote. Nilifundishwa na muuza dagaa.

Kibirizi, mwalo wa wavuvi hapa Kigoma, kuna mama mmoja, jirani wa shangazi yangu, anayepeleka dagaa Dar es Salaam. Mteja wake mkubwa ana duka la jumla huko, na kwa miaka kumi na moja ya biashara yao wameonana uso kwa uso mara mbili. Mkataba wa karatasi hawana. Wanafanya mali kauli: mzigo unaondoka kwa neno na fedha inarudi kwa neno.

Siku chache baada ya ile simu ya Morogoro nilimkuta akifunga magunia. Mitumbwi ilikuwa imesharudi tangu alfajiri, taa zimezimwa, wanawake wako kwenye vichanja wanageuza dagaa. Mama huyu alichota konzi ya dagaa kwenye gunia moja, akaifinya karibu na sikio. Dagaa aliyekauka sawasawa hulia, kama majani makavu ukiyakanyaga. Gunia la pili, wakalia. La tatu hawakulia. Akanusa, akamvunja mmoja kwa kidole gumba, akachukua simu.

"Shikamoo baba. Za huko? Mama hajambo? Sisi wazima. Mzigo unatoka leo, magunia ishirini na mawili. Ila jana mvua ilitupiga saa nane mchana, matatu hayajakauka nilivyotaka. Hayo nayafunga kamba nyekundu mdomoni. Usiyaweke stoo baba, uyatangulize kuuza, na bei yake tutaongea."

Kisha akakata vipande vitatu vya kamba ya manila nyekundu, akayafunga yale magunia, fundo mbili mbili.

Nilimuuliza kama haogopi mteja kuukataa mzigo wote. Alijibu bila kuacha kufunga: "Atayaona tu. Sasa ayaone kutoka kwangu, au ayaone peke yake?"

Niliporudi nyumbani nilianza utaratibu ambao sijauacha mpaka leo. Kila Ijumaa, kabla ya saa kumi jioni, kila mteja wangu anapata ujumbe. Siandiki ripoti. Ni ujumbe unaosomeka kwenye simu ukiwa umesimama kituoni: wiki hii nimefanya hiki na hiki, nasubiri kitu fulani kutoka kwenu, wiki ijayo naingia kwenye jambo fulani. Mwisho kabisa naweka kamba nyekundu yangu, yaani kile ambacho hakijakauka. Kama wiki nzima sikugusa kazi yake kwa sababu mtoto alikuwa na malaria, naandika hivyohivyo. Kama kila kitu kimekauka, naandika kwamba wiki hii hakuna. Ijumaa hairukwi, hata kama sina jipya.

Kamba yangu ya kwanza ilinitoa jasho. Niligundua kwamba kwa miezi miwili nilikuwa nimeingiza matumizi ya mfadhili mmoja kwenye fungu la mfadhili mwingine. Mtu yeyote aliyewahi kukaa na mkaguzi wa miradi anajua uzito wa jambo hilo. Hakuna aliyekuwa ameliona, na ningeweza kulisahihisha kimyakimya usiku mmoja. Niliandika: "Kosa ni langu, si la mhasibu wenu. Nahitaji siku tatu kulirekebisha, na siku hizo sitazidai." Nikaituma, nikafunga kompyuta, nikaenda kumwona mama Ujiji kwa sababu nyumbani nisingetulia.

Mkurugenzi alijibu baada ya saa moja: "Asante kwa kuniambia." Basi. Lakini Jumapili jioni alinipigia mwenyewe. Alisema kuna jambo hakuwahi kuniambia. Mwaka uliopita asasi ilikwama mishahara, mjumbe mmoja wa bodi akawakopesha fedha zake za mfukoni kwa miezi minne, na hapakuwa na karatasi yoyote. Alikuwa akiogopa nitawaonaje. Tuliuandikia ule mkopo maelezo ya kweli, kwa tarehe zake za kweli, na barua ya mjumbe mwenyewe, ukaingia kwenye vitabu kabla mkaguzi hajafika. Kama nisingetangulia kumfungulia langu, sidhani kama angenifungulia lake.

Nimesikia washauri wakifundishana kwamba mteja asionyeshwe udhaifu, hasa mteja mgeni. Sikubaliani nao hata kidogo, na kwa sisi tunaofanya kazi kwa mbali nauona ushauri huo ni wa hatari. Mshauri anayekaa ofisi moja na mteja, uso wake unasomwa. Akichelewa, anaonekana amekodoa macho kwenye karatasi, wanajua anahangaika. Mimi nina maneno tu. Maneno yakiwa mazuri kila wiki, mwezi wa tatu mteja anaacha kuyaamini, na hana kitu kingine cha kushika.

Maneno hayohayo yanaweza kujeruhi, na hapa nina kosa jingine la kusimulia, kubwa kuliko lile la mafungu.

Tulikuwa na kundi la WhatsApp la kazi: mkurugenzi, afisa mradi, mhasibu na mimi. Asubuhi moja niliandika humo: "Vocha namba 87 hadi 94 hazina risiti. Naomba maelezo." Kwangu lilikuwa swali la kawaida la kihasibu. Kama ningekuwa Morogoro, ningevuta kiti mpaka mezani kwa yule dada mhasibu, nikashusha sauti, nikasema hebu tuziangalie hizi pamoja. Kwenye kundi, maneno yalisimama uchi mbele ya bosi wake. Akajibu "Sawa." Kwa wiki mbili zilizofuata picha zake zilikuja kwa kuchelewa, na zilizokuja zilikuwa na giza. Mimi nikamwona mvivu.

Afisa mradi ndiye aliyenivuta pembeni. Akaniambia yule dada alilia siku ile. Vocha zile nane zilikuwa malipo ya wakulima vijijini, watu ambao hawana kitabu cha risiti, na kila malipo yalikuwa na karatasi ya majina yenye sahihi na alama za vidole gumba, imehifadhiwa kwenye faili kabatini. Ushahidi ulikuwepo muda wote. Sikuwa nimeuliza, nilikuwa nimeshtaki.

Nilimpigia, sikumwandikia. Nilimwomba radhi kwa simu, kisha nikarudi kwenye lile kundi nikaomba radhi humo humo, kwa sababu aibu nilimpa mbele ya watu na ilipaswa kuondolewa mbele ya watu. Tangu siku hiyo nikiona kosa napiga simu kwa mtu mmoja, na nikiona kazi nzuri naandika kwenye kundi, mkurugenzi aione. Baada ya muda yule dada alianza kunitumia ujumbe wa sauti asubuhi kabla hajafika ofisini, jogoo wanawika nyuma yake, akinieleza kinachomsumbua. Humo ndimo nilimojifunza mengi kuhusu asasi ile kuliko kwenye mikutano yote ya video.

Nilikuwa nimekosea kumdhani mteja ni mkurugenzi peke yake. Mkurugenzi anasaini mkataba, lakini mfumo wa hesabu unaishi au unakufa mikononi mwa mtu anayeingiza vocha. Siku hizi kabla sijaanza kazi naomba kuongea na huyo mtu, sisi wawili, nusu saa, bila ajenda. Namuuliza alikotoka, anaingia kazini saa ngapi, kompyuta yake ni ya mwaka gani, na ni kitu gani akibadilishiwa atafurahi. Nusu saa hiyo siidai.

Kuhusu saa, niliumia Jumatatu ya tarehe 27 Machi 2023. Mteja wa London alikuwa na mkutano nami kila Jumatatu saa saba mchana ya kwao, na majira ya baridi hiyo ni saa kumi jioni ya Kigoma. Niliingia saa kumi kamili, nimevaa vizuri, mafaili yamefunguliwa. Mkutano ulikuwa umekwisha. Jumapili iliyotangulia Uingereza ilikuwa imesogeza saa zake mbele, kama inavyofanya kila Jumapili ya mwisho ya Machi, na tofauti yetu ikawa saa mbili badala ya tatu. Oktoba, Jumapili ya mwisho, wanazirudisha. Sisi saa zetu hazisogei, kwa hiyo ni rahisi kusahau kwamba za wenzetu zinasogea. Wa nyumbani nao wana mtego wao: mtu wa Nairobi aliyezoea kufanya kazi na wageni akiandika "saa 3" anaweza kuwa na maana ya saa tisa alasiri. Sasa kila mwaliko ninaotuma una saa mbili, ya kwetu na ya kwake, na pembeni nimeandika asubuhi, mchana au jioni.

Halafu ikaja Mei 2024.

Jumapili tarehe 12 intaneti ilidhoofika nchi nzima. Nyaya mbili zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia sana. Nyumbani kwangu barua pepe hazikutoka. Mkutano wa video haukuwezekana kabisa. Jumatano ya wiki hiyohiyo, tarehe 15, Ziwa Tanganyika likafungwa kwa shughuli za uvuvi kwa miezi mitatu, mpaka 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Kwa hiyo wiki ile mimi nilikuwa na kazi nisiyoweza kuituma, na mama wa Kibirizi hakuwa na mzigo.

Nilikwenda kumjulia hali. Vichanja vilikuwa vitupu, nyavu zimeanuliwa na kukunjwa, watoto wanacheza mpira pale panapoanikwa dagaa. Yeye alikuwa amekaa kizingitini na simu na kitabu chake cha namba, anapiga mmoja baada ya mwingine. Hakuwa anauza kitu. Nilimsikia akimuuliza mtu wa Dar es Salaam habari za mgonjwa, akampa pole, akamweleza ziwa limefungwa mpaka lini, akaagana. "Namwambia nipo," aliniambia. "Nikikaa kimya miezi mitatu, ziwa likifunguliwa nakuta ameshapata mtu wa Mwanza."

Nilipita dukani nikanunua vocha za simu, nikarudi nyumbani nikapiga namba za wateja wote kwa simu ya kawaida. Hata London, ambako dakika ni ghali. Nilimwambia kila mmoja nimefika wapi, nini kiko tayari kwenye kompyuta yangu kinasubiri njia, na kwamba nitapiga tena Ijumaa hata kama intaneti haijarudi. Yule mama wa London hakuwa na habari za nyaya. Alikuwa ameona tu barua zake hazijibiwi. Tuliongea dakika kumi na moja, na kwa mara ya kwanza tuliongea bila skrini kati yetu na bila orodha ya mambo ya kujadili. Akaniuliza Kigoma pakoje. Nikamwambia kuhusu ziwa, kuhusu mitumbwi ya usiku inavyoonekana kwa mbali kama mji mwingine juu ya maji, na kwamba sasa hivi hakuna taa hata moja. Mpaka leo akinipigia huanza kwa kuuliza ziwa linaendeleaje.

Siku hizi namba za simu za wateja wangu, na za mtu wa pili katika kila ofisi, nimeziandika kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Nina laini mbili za mitandao tofauti na betri ya sola. Mji wetu uliishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli, kwa hiyo kujipanga kwa ajili ya umeme tulikwishazoea.

Fedha nitazipitia haraka, ingawa ndizo zinazovunja urafiki mwingi. Hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi mliyokubaliana, zisomeni pamoja kwa sauti kabla ya kusaini, mstari kwa mstari, hata kama itachukua saa mbili. Kila mgogoro nilioupata na mteja ulikuwa umelala ndani ya neno moja tulilolielewa tofauti. "Kusafisha leja" kwangu ilikuwa kupanga kilichopo. Kwa mteja mmoja ilikuwa pamoja na kutafuta vocha zilizopotea. Mteja wa Tanzania akikata asilimia 5 ya kodi ya zuio kwenye ada ya mshauri mkazi hajakuibia, ni sheria, lakini mwambie mapema kwamba unaitegemea na unaomba cheti chake. Mteja wa nje akikutumia fedha, benki zilizo katikati zinakula chao njiani, basi kubalianeni nani anabeba hilo kabla ya ankara ya kwanza. Na usimtumie mteja ankara Ijumaa jioni kwenye ujumbe wa taarifa. Ujumbe wa Ijumaa ukianza kunuka pesa, ataacha kuusoma.

Kuna na uaminifu wa siri. Asasi nyingi hutuma kila kitu kwenye kundi la WhatsApp: majina ya walengwa, namba zao za simu, kiasi walicholipwa, picha za vitambulisho. Nimekuwa nikiwaomba wateja waache. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na mshauri anayeshika taarifa za watu naye anabanwa nayo. Lakini hata bila sheria, mkulima wa Mgeta aliyeweka dole gumba kwenye karatasi ya malipo hakukubali jina lake lilale kwenye simu yangu Kigoma.

Sasa niseme kitu kinachoweza kuonekana kama kinapingana na yote niliyoandika. Kuna siku lazima usafiri.

Watu wa Kigoma tuna mfano mkubwa bandarini. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaja mpaka huku na kuunganishwa upya, ikashushwa majini 1915. Lakini kiwanda cha Meyer kilichoiunda hakikutuma masanduku peke yake na maelezo ya karatasi. Kilituma watu watatu, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, kwa sababu walijua kuna mambo ya meli yale ambayo hayaandikiki. Nikiwa mtoto nilipenda habari ya masanduku. Nikiwa mshauri, nawafikiria wale watatu.

Mwezi wa nne wa mkataba wa Morogoro nilipanda treni, na lita tano za mawese na kifurushi cha dagaa. Nilikaa ofisini kwao siku mbili. Siku ya kwanza niliona kitu ambacho picha mia hazikuwa zimenionyesha: meza ya mhasibu iko mlangoni. Yeye ndiye pia mapokezi. Kila mgeni akiingia anasimama, anasalimia, anatafuta kiti, anarudi, anaanza upya. Ndiyo maana picha zilipinda. Na mimi, kutoka Kigoma, nilikuwa nimemwandikia utaratibu unaotaka saa mbili za utulivu kila asubuhi. Nilikuwa nimempa kazi isiyowezekana, naye kwa heshima hakuwahi kusema. Tulikaa pamoja tukaupanga upya: vocha zote ziingizwe Jumatano na Ijumaa mchana, saa ambazo afisa mradi yupo na anaweza kumshikia mlango.

Siku ya pili, nikiwa nimeinama kuchomeka waya wa kompyuta, niliona chini ya meza ya printa boksi la mafuta ya kupikia, limefungwa kwa gundi ya karatasi. Nikauliza. "Hizo ni za zamani dada, za mradi ulioisha." Tulilifungua. Ndani zilikuwemo vocha za miezi saba, na miezi mitano kati ya hiyo ilikuwa ndani ya miaka niliyokuwa nikiisafisha. Hakuna aliyekuwa ameficha kitu. Mimi sikuuliza kwa sababu sikujua kuna boksi, wao hawakusema kwa sababu hawakujua nalihitaji. Tulikaa sakafuni, mimi na mhasibu, tukizipanga kwa miezi mpaka saa moja jioni. Sasa kwenye kila mkataba wa zaidi ya miezi mitatu naweka safari moja, na nauli yake naiandika mapema. Mteja akisema haina haja, namweleza habari ya boksi.

Mkataba ule uliisha, mkaguzi akaja, wakapata hati safi. Nikakabidhi jalada.

Jalada nalo nalidai kuwa sehemu ya uhusiano, pengine kubwa kuliko mkutano wa kwanza. Wajerumani walipoizamisha Liemba wenyewe mwaka 1916 ili isichukuliwe na maadui, mafundi waliipaka injini grisi nzito kwanza. Waingereza walipoiopoa 1924, injini ilikuwa bado inafaa, na 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mimi nikiondoka kwa mteja napaka grisi. Nywila zote zinakabidhiwa na kubadilishwa. Kila akaunti ina maelezo ya mistari miwili, kwa Kiswahili cha mtu ambaye hatujawahi kuonana. Namba yangu ya simu iko ukurasa wa kwanza. Na kamba nyekundu zilizobaki nazichora pembeni kwa kalamu nyekundu, hata kama mkaguzi ameziacha zipite.

Mwaka jana alinipigia kijana nisiyemjua. Alinipa shikamoo, akajitambulisha kuwa ndiye mhasibu mpya wa ile asasi ya Morogoro; yule dada ameolewa, amehamia Iringa. Alikuwa na jalada langu mezani, amelifungua ukurasa wa 14, ambako nilikuwa nimeandika kwa wekundu: "Hapa sijaridhika. Salio la benki la Juni linapishana na leja kwa shilingi 18,500. Chanzo sijakipata."

"Dada," akasema, "nadhani nimekipata."

Alikuwa ameomba benki taarifa za zamani kwa ajili ya jambo lingine kabisa, zikaja za karatasi, na humo akaona makato matatu ambayo hayakuwa kwenye zile nilizotumiwa mimi. Nilitafuta daftari langu la mwaka ule. Alinisomea moja moja, na mimi nikaandika: 4,500, 9,500, 4,500. Kila mmoja alijumlisha upande wake, kimya, kisha tukasoma jibu kwa pamoja. Akachukua kalamu, nilimsikia akiifungua, akaniuliza kama anaweza kuufuta ule wekundu au auache na kuandika maelezo pembeni yake. Nikamwambia auache, aandike pembeni, na aweke jina lake.